Msumari uliopita kwenye raba: kisa cha fundi mitumbwi wa Kibirizi

Fundi mitumbwi, mwanamume wa miaka 34, alikanyaga msumari wa inchi 4 ufukweni Kibirizi, Kigoma. Msumari ulikuwa umesimama kwenye ubao wa mtumbwi mkuukuu uliokuwa ukivunjwa ili mbao zilizo nzima zitumike tena. Miguuni alikuwa na raba za mtumba zenye soli nene ya sponji, nazo zilikuwa zimelowa tangu asubuhi kwa sababu aliingia majini kusaidia kuvuta chombo. Msumari ulipita soli, ukapita soksi, ukaingia kwenye unyayo chini ya shina la kidole cha pili, kile kinachofuata gumba. Aliuchomoa mwenyewe. Yalitoka matone machache ya damu, tundu likajifunga, na kwa macho halikuzidi punje ya mtama. Wiki tatu baadaye alikuwa kwenye meza ya upasuaji.

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na mwenendo wa kawaida wa majeraha ya aina hii; si habari ya mtu mmoja anayeweza kutambuliwa. Kinastahili kuchambuliwa polepole kwa sababu kila alichofanya fundi kilionekana cha busara kwa waliomzunguka, na bado mguu uliharibika.

Saa za kwanza

Mwenzake alimkalisha kwenye gogo, akampigapiga unyayo kwa ndala ili damu mbaya itoke. Nyumbani, mkewe alipasha mawese yenye chumvi na kuyadondosha yakiwa ya moto kwenye tundu. Jioni fundi alinunua ampiklox, dawa ya kuua bakteria, na diklofenaki, ya kutuliza maumivu, duka la dawa. Kesho yake alirudi kazini akichechemea, na siku iliyofuata akapita zahanati, akachomwa sindano ya pepopunda, akaambiwa jeraha ni dogo. Hakuna aliyemuuliza alikuwa amevaa kiatu gani.

Tuanze na ndala. Kupigapiga unyayo hakutoi uchafu. Tundu la msumari ni refu na jembamba, na ngozi ya unyayo ni nene na inavutika, kwa hiyo mdomo wa jeraha hujibana mara tu chuma kinapotoka. Ukipiga, damu kidogo hutoka juu, lakini kilichoingia chini kinabaki palepale na nyama iliyo kandokando inapondeka. Nyama iliyopondeka na kukosa damu ndiyo bakteria wanayoipenda.

Mawese ya moto ni mabaya zaidi. Kigoma ni nchi ya michikichi, mafuta yako katika kila jiko, na imani kwamba joto linaua sumu ya chuma haijaanza leo. Lakini mafuta ya moto hayashuki hadi mwisho wa tundu. Yanaunguza mdomo wake tu, gamba gumu linatokea, na gamba hilo linaziba njia ambayo usaha ungeitumia kutokea. Mafuta ya taa na maji ya betri yana kosa lilelile, tena yanachoma ngozi kwa kemikali. Mawese ya moto yabaki kwenye sufuria ya samaki aina ya migebuka.

Diklofenaki si kosa kubwa, ila ilipunguza maumivu kiasi kwamba fundi aliweza kusimama siku nzima kwenye mguu uliotakiwa kupumzika. Ampiklox nayo tutaifikia.

Kilichotakiwa ni hiki. Kwanza, utazame msumari wenyewe: je, ncha ipo, au imekatika? Kisha vua kiatu na uitazame soli kwa ndani. Kama kipande cha sponji kimeng'oka kuzunguka tundu, au soksi imetoboka na uzi haupo, hesabu kwamba vimeingia mguuni. Msumari, soksi na kiatu viende pamoja na mgonjwa hospitalini, hata akiona aibu kubeba raba chafu kwenye mfuko wa plastiki. Kwa daktari, raba hiyo ina habari nyingi kuliko tundu lenyewe.

Pili, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni ya kawaida kwa dakika 10 nzima, si kuchovya tu kwenye beseni. Kama maji ya bomba hayaaminiki, chemsha, acha yapoe, tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi kilichosawazishwa kwa kila nusu lita, kisha mimina kutoka kwenye jagi. Usijaribu kusukuma maji ndani ya tundu kwa bomba la sindano. Presha hiyo huupeleka uchafu ndani zaidi na kuusambaza kati ya tabaka za nyama. Usichokonoe kwa pini wala wembe. Funika kwa gozi safi na bandeji isiyobana, kisha mguu upumzike ukiwa juu ya mto. Hapo huduma ya nyumbani imekwisha. Jeraha lililopita kwenye soli ya raba linahitaji kutazamwa na mtaalamu siku hiyohiyo, au kesho yake asubuhi.

Msumari ukiwa umezama mguuni na mtu hawezi kujinasua bila nguvu nyingi, ubao ukatwe kwa msumeno, aende hospitali na kipande chake. Kuung'oa kwa kuutingisha kunapanua jeraha na kunaweza kukata kano.

Hesabu ya sentimita

Msumari wa inchi 4 una urefu wa sentimita 10 hivi. Toa unene wa ubao, tuseme sentimita 2 na nusu, na toa soli, sentimita 2. Zinabaki zaidi ya sentimita 5 za chuma. Kutoka ngozi ya unyayo hadi kwenye kiungo cha shina la kidole ni kama sentimita moja na nusu, pengine chini ya hapo kwa mtu mwembamba. Kwa hiyo msumari ukiingia mbele ya unyayo, swali la kujiuliza ni kama umefika kwenye kiungo, na jibu la kuanzia liwe ndiyo mpaka ithibitike vingine.

Mahali pa jeraha pana uzito mkubwa katika kupima hatari. Sehemu ya mbele, kuanzia pale mifupa mirefu ya unyayo inapoishia hadi kwenye vidole, ndiyo mbaya kuliko zote: mifupa iko karibu, viungo ni vingi, na mtu anapopiga hatua uzito wote wa mwili huishukia. Kisigino kinafuata. Upinde wa katikati una nyama nyingi na haubebi uzito sana, kwa hiyo hunusurika mara nyingi.

Halafu kuna raba. Watu huihesabu kama kinga, na dhidi ya mchanga wa moto au miiba midogo ni kinga kweli. Dhidi ya msumari hali inageuka. Sponji ya soli iliyolowa maji na jasho siku baada ya siku, bila kukauka, ni makazi mazuri ya bakteria aitwaye Pseudomonas. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani waliochunguza watoto waliopata maambukizi ya mfupa baada ya kukanyaga misumari walimkuta bakteria huyo ndani ya sponji za raba zao. Msumari unapopita hufanya kazi ya kizibuo: unachukua kipande cha sponji chenye bakteria na kukipanda karibu na mfupa. Gegedu, ile nyama nyeupe ngumu inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, haina mishipa yake ya damu, na Pseudomonas akitua hapo hukutana na upinzani mdogo.

Ndiyo maana mtu aliyekanyaga msumari peku wakati mwingine huponyoka kwa urahisi kuliko aliyevaa raba mbichi. Hii si hoja ya kutembea peku.

Maumivu yaliyorudi

Siku tatu za mwanzo fundi aliumwa. Siku ya nne maumivu yalipungua, na ya sita alikuwa akitembea karibu sawa. Kwenye unyayo palibaki nukta nyeusi. Siku ya tisa maumivu yalirudi, safari hii yakiwa ya ndani, yanayopwita usiku. Siku ya kumi na mbili alishindwa kuvaa kiatu kwa sababu juu ya mguu, upande wa pili kabisa wa jeraha, palikuwa pamevimba.

Mwenendo huu, kuuma, kupoa, kisha kuuma tena baada ya wiki moja au zaidi, ndio unaotakiwa kumshtua kila anayeusikia. Maambukizi ya bakteria wa kawaida wa ngozi hujitokeza mapema, ndani ya siku moja hadi nne: wekundu, joto, usaha. Ampiklox ina nguvu kwa wengi wa hao, na huenda ndiyo iliyomtuliza fundi wiki ya kwanza. Pseudomonas hana haraka, na ampiklox haimgusi. Wala amoksilini haimgusi, hata ile iliyochanganywa na klavulaniki. Kumeza dozi ya pili na ya tatu ya dawa ileile, kama fundi alivyofanya, kulikula pesa na siku nane.

Uvimbe wa juu ya mguu nao unapotosha. Majirani walisema ameteguka. Mmoja alijitolea kumkanda. Ukweli ni kwamba ngozi ya unyayo ni nene na imeshikwa na utando mgumu chini yake, haina nafasi ya kuvimba. Ngozi ya juu ya mguu ni laini na imelegea. Usaha na maji ya uvimbe huelekea kwenye nafasi. Mtu aliyechomwa chini na kuvimba juu achukuliwe kuwa na maambukizi ya ndani, na asikandwe.

Kuna kingine kilichomchelewesha: hakuwa na homa. Alipopimwa joto lilikuwa nyuzi 37.4. Kwa mtu mzima mwenye maambukizi ya mfupa mdogo wa mguu, homa mara nyingi haionekani, na hesabu ya chembe nyeupe za damu inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Kukosekana kwa homa kusitumike kumrudisha mtu nyumbani.

Hospitali

Alifika hospitali ya mkoa siku ya kumi na tisa, akikanyagia kisigino. Uchunguzi wa mikono ulitosha kuelekeza. Daktari alipobonyeza juu ya mguu, sawa na shina la kidole cha pili, maumivu yalikuwa makali mahali pamoja. Aliposhika kidole hicho na kukikunja taratibu, fundi aliruka. Kidole cha tatu kilikunjwa bila shida. Kiungo kinachouma kwa kuchezeshwa kidogo tu, huku jirani zake wametulia, kina tatizo ndani yake.

Kipimo cha kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu, kile ambacho maabara huandika kama ESR na ambacho hupanda mwili ukiwa na maambukizi, kilitoka 58. Kwa mwanamume wa umri wake kawaida ni chini ya 15. Sukari ilipimwa na ilikuwa sawa. Hicho ni kipimo cha lazima kwa jeraha lolote la mguu lisilopona, maana kisukari kikiua hisia za unyayo, maumivu ya siku ya tisa hayaji kabisa. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Mguu usiohisi meno ya panya hauwezi kutegemewa kuhisi msumari. Mwenye kisukari apige kiatu chini na kuingiza mkono ndani kabla ya kuvaa, na akague nyayo kila jioni, kwa kioo kama hawezi kukunja goti.

Eksirei ilionyesha ncha ya mfupa imefifia kidogo na nafasi ya kiungo imepungua. Ingepigwa siku ya tano isingeonyesha chochote, kwa kuwa mfupa huchukua siku 10 hadi 14 kabla ya uharibifu kuonekana. Pia eksirei huona chuma na vioo vingi, lakini haioni sponji, uzi wala kibanzi cha mbao. Jibu la "eksirei safi" siku ya pili maana yake ni kwamba ncha ya msumari haikubaki ndani. Kwa vitu laini, ultrasaundi iliyoshikwa na mtu mzoefu husaidia zaidi.

Upasuaji ulifanyika kesho yake. Ganzi ilichomwa kwenye mishipa ya fahamu kuzunguka kifundo cha mguu, kwa sababu kuchoma sindano moja kwa moja kwenye unyayo ni mateso na mara nyingi hakutoshi. Gamba la nukta nyeusi lilikatwa pamoja na ukingo wa ngozi wa milimita 2 hivi, tundu likafunguliwa na kufuatwa hadi mwisho wake. Kiungo kilifunguliwa kwa mkato wa pili upande wa juu. Ulitoka usaha wa kijani, si mwingi, wenye harufu tamutamu. Kwenye mwisho wa tundu kilipatikana kipande cha sponji ya kijivu, kama punje ya mchele, kimezungukwa na uzi wa soksi. Gegedu ya upande mmoja ilikuwa imelika.

Sampuli ilichukuliwa kabla ya kuanza dawa mpya, na huo ni mpangilio unaopaswa kulindwa. Dawa ikitangulia, maabara inaweza isioteshe kitu. Majibu yalikuwa Pseudomonas. Majeraha yote mawili yaliachwa wazi. Kushona tundu la namna hii ni kuufungia ugonjwa ndani.

Baada ya kusafishwa, alipewa siprofloksasini (sipro), dawa ya kuua bakteria, miligramu 750 mara mbili kwa siku kwa siku 14. Vidonge vinavyopatikana kwa wingi ni vya 500, kwa hiyo ilikuwa kidonge kimoja na nusu kila mara. Bila upasuaji dozi hiyo ingeweza kupoteza kazi, kwani sponji ikibaki ndani hakuna dawa inayoimaliza. Alielezwa asinywe dawa hiyo pamoja na maziwa, mtindi, vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia, maana huishika tumboni isifyonzwe. Sipro imezwe saa 2 kabla ya vidonge vya chuma na vya kiungulia, au saa 6 baada yavyo. Alielezwa pia kwamba akisikia maumivu mapya kwenye kano ya nyuma ya kisigino aache na kurudi mara moja, kwa kuwa dawa hii inaweza kuidhoofisha hadi ikatike. Haya yameandikwa ili msomaji ajue anachopewa. Kununua sipro mwenyewe siku ya pili baada ya kuchomwa ni kuficha dalili na kuwafundisha bakteria kuizoea dawa tunayoihitaji.

Alitembea kwa magongo kwa wiki tatu. Gozi ilibadilishwa kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha kwa kuruka siku moja moja. Tundu la chini lilijaa nyama kutoka chini kwenda juu ndani ya wiki nne.

Pepopunda ni hesabu nyingine

Watu husema kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Kutu haina kosa hilo. Mbegu za bakteria wa pepopunda zimo kwenye udongo na samadi, na msumari mpya unaong'aa ukianguka penye kinyesi cha mbuzi una hatari ileile. Kinachowafaa bakteria hao ni tundu refu lisilo na hewa, na ndivyo lilivyo jeraha la msumari.

Fundi alichomwa chanjo siku ya pili, na ilikuwa sawa. Swali ambalo halikuulizwa ni amewahi kuchanjwa mara ngapi. Mtoto wa Tanzania huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama huongezewa anapohudhuria kliniki ya wajawazito. Mwanamume mzima, asipoumia, hakuna mahali panapomkumbusha, na mafundi, wavuvi na wabeba mizigo ndio wanaokanyaga misumari. Kwa jeraha chafu, aliyekamilisha dozi tatu huongezewa moja ikiwa imepita miaka 5. Asiyejua historia yake, kama huyu, anahitaji chanjo pamoja na kinga iliyo tayari (imunoglobulini ya pepopunda), uniti 250, inayochomwa sehemu nyingine ya mwili, kwa sababu chanjo peke yake huchukua wiki kadhaa kujenga kinga na pepopunda inaweza kujitokeza kuanzia siku ya tatu hadi ya ishirini na moja. Dozi ya pili ya chanjo ni baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6. Fundi alipewa kadi. Taya kukaza au shingo kuwa ngumu katika kipindi hicho ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Kurudi kazini

Alirudi ufukweni mwezi wa tatu baada ya kuumia. Raba zilitupwa. Katambuga za tairi, ambazo wengi huzidharau, hazina sponji ya kuhifadhi maji na nyuzi za tairi hukataa msumari kwa kiasi fulani, ingawa msumari mrefu ukisimama wima na mtu akaruka juu yake utapita. Kwa anayevunja vyombo kila siku, buti lenye bati ndani ya soli ndilo jibu. Akikosa, angalau raba mbili za kupokezana, soli ya ndani ikitolewa na kuanikwa juani siku nzima kabla ya kuvaliwa tena. Kazi rahisi kuliko zote ilikuwa kwenye mbao: kila ubao unaong'olewa ulazwe misumari ikitazama chini, na msumari usiong'oka ukunjwe kwa nyundo hapohapo, kabla ya kugusa ubao mwingine.

Kidole cha pili hakikurudi kama zamani. Kinakunjika nusu, na baada ya siku ndefu ya kutia kalafati (kuziba nyufa za mtumbwi) akiwa amechuchumaa, shina lake linauma, kwa kuwa gegedu iliyolika haioti upya. Alishauriwa kukata kipande cha ndala kuukuu, unene wa milimita 5 hadi 6, upana wa vidole viwili, kingo zichongwe ziwe za mteremko, kisha kibandikwe ndani ya kiatu. Alikiweka chini ya mahali panapouma na maumivu yakaongezeka, kama inavyowatokea wengi. Kipande kinakaa nyuma kidogo ya hapo, kuelekea kisigino, ili kibebe mfupa kabla uzito haujafika kwenye kiungo. Ili kupata pa kukiweka, paka majivu kidogo kwenye sehemu inayouma, kanyaga soli ya ndani, halafu bandika ukingo wa mbele wa kipande nyuma tu ya alama ya majivu.